Pete Ndani ya Pudini ya Bi Maryam

Wanaume waliomuosha Kaka Nassor walipotoka chumbani, mmoja wao aliulizia pete. Marehemu alikuwa akivaa pete ya fedha kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, pete nyembamba ya kike, na katika ukoo mzima hakuna aliyekumbuka kumuona bila hiyo. Sasa kidole kilikuwa kitupu, na pale ilipokaa pete palibaki alama ya ngozi nyeupe. Walitafuta chini ya kitanda, msalani, kwenye mifuko ya kanzu. Baadaye, alipokwisha kuzikwa na sisi wanawake tumejaa ukumbini na vikombe vyetu vya kahawa, macho yakaanza kuelekea jikoni, kwa Harriet, binti wa Kiganda aliyekuwa akimtunza. Hakuna aliyesema neno. Watu wa kwetu wakishuku mtu hunyamaza kwanza, na kimya kile mimi nakijua, kwa hiyo nikainuka nikamfuata. Nilimkuta amesimama mbele ya friji, mkono kwenye mpini, hafungui wala haondoki. "Mama," aliniambia, "ile pete mimi najua iko wapi. Lakini nikiwaambia hao hawataamini." Kabla hajaeleza zaidi nikasikia harufu ya maganda ya chungwa na karafuu. Nikajua anachotaka kusema. Nikavuta kiti nikakaa.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefumba macho ya wafu wengi na sijawahi kuona mzuka, na mtu akinisimulia habari za majini humuuliza kwanza kama amekula. Nalisema hili mapema kwa sababu mwaka ninaotaka kuusimulia haukai sawa na tabia yangu, na kwa miaka mingi nimeona tabu kuusimulia bila kujikasirikia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimepata nafasi ya chuo cha uuguzi, masomo yangeanza mwezi wa Januari, na baba akaona ni vyema kwa muda ule nikae katika nyumba hii hii ya Hamriya, hapa Maskati, juu ya duka la vitambaa, nimuuguze mke wa Kaka Nassor, ambaye ni binamu yetu wa mbali. Nyumba ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mazulia, ujia mwembamba, chumba cha mgonjwa upande mmoja na stoo isiyo na dirisha upande wa pili, na jiko mwishoni. Mchana kelele za barabarani zilipanda juu, honi na watu wa kubishana bei, lakini ukiingia kwenye ujia ule zilikatika ghafla. Nilikuwa nikipita haraka bila kujua kwa nini.

Mgonjwa aliitwa Bi Maryam. Alikuwa Mwingereza, walioana Nassor alipokuwa akisoma kwao, akasilimu, akaja naye Maskati, na Kiswahili alifundishwa na mama mkwe wake, Bibi Thuwaiba, aliyekulia Unguja. Kwa hiyo yule mwanamke wa macho ya buluu alisema "nnakuja" na "ntakwambia" na "mwanangu wee" kama kikongwe wa Mji Mkongwe. Ukifumba macho ulimsikia Bibi Thuwaiba. Wakati mwingine nilikuwa naitwa kutoka ujiani na sikuweza kujua ni nani kati yao aliyeniita, na nikienda kwa mmoja nilikuta ni mwingine. Wao wenyewe walicheka. Mimi sikuzoea.

Bi Maryam alikuwa na jambo moja la kwao ambalo hakuliacha: kila mwaka alipika pudini ya Krismasi, keki nzito ya zabibu inayochemshwa badala ya kuokwa. Jina hilo la siku halikutajwa ndani ya nyumba hata mara moja. Ilikuwa ni "pudini ya Maryam", na ililiwa "siku ya Maryam", na kila mtu alijua ni siku gani na kila mtu alijifanya hajui. Wa kwao huitia pombe, na hiyo ndiyo inayoihifadhi isioze. Yeye badala yake alitia chai nzito iliyochemshwa na limau kavu, pamoja na asali ya tende. Kwao huikoroga kutoka mashariki kwenda magharibi, kila mtu wa nyumba kwa zamu, macho yamefumbwa, akiomba haja yake kimoyomoyo. Bibi Thuwaiba alipoelezwa hayo mara ya kwanza, alifikiri kidogo akasema magharibi ndiko kibla kilipo kwa mtu aliyeko Maskati, kwa hiyo hapana ubaya, tupige bismillahi tuombe dua zetu. Na ndani ya unga hutiwa sarafu ndogo ya fedha, anayeikuta kwenye kipande chake atapata riziki. Bi Maryam alitwambia kwao wengine hutia pete badala ya sarafu, na anayeikuta pete ataoa au ataolewa kabla mwaka haujaisha. Tulicheka sana siku aliyotwambia, kwa sababu Bibi Thuwaiba alisema basi yeye apewe kipande kikubwa.

Ugonjwa wake ulipozidi, Bi Rahma, mdogo wake Bibi Thuwaiba aliyekuwa akikaa Wadi Kabir, alianza kuja kila Ijumaa kushinda. Ijumaa moja nilikuwa stooni nikipima mchele, mlango umeegeshwa, na wao wawili wamekaa ukumbini.

"Mgonjwa umemuona mwenyewe," alisema Bi Rahma.

"Nimemuona. Hana siku nyingi, Mungu amsahilishie."

"Na Nassor hana mtoto. Utamwacha hivi hivi?"

"Simwachi. Nshamtazama huyu Zuwena. Jiko kalijua, nyumba kaijua, mwenyewe yumo humu humu ndani. Nimtafutie wapi mwengine?"

"Na hicho chuo chake?"

"Ataolewa, atasahau. Nshasema na babake, hakukataa."

Zuwena ni mimi. Mchele ulinimwagika mkononi na sikuusikia. Sikumtaka Nassor. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya pole, na nilimwita kaka tangu nianze kusema. Kufikiria kwamba nitalala kwenye kitanda kile ambacho kila asubuhi nilimbadilishia mkewe mashuka kulinitia baridi ya mwili mzima. Na nikijua kwamba baba hakukataa, nilijua pia kwamba mimi nitaulizwa mwisho, kwa adabu, wakati nguo zimeshanunuliwa. Nilitoka stooni polepole. Mlango wa chumba cha mgonjwa ulikuwa wazi. Walidhani amelala, lakini alikuwa amelala chali macho yamefumbuka, ananitazama mimi. Alikuwa amesikia kila neno, na kwa lugha waliyomfundisha wao. Niliingia nikasimama pale miguuni pake. Akasema, "Mwanangu, kesho kamwambie muuza nyama anipe mafuta ya figo ya ng'ombe. Mazuri, meupe. Mwaka huu ntapika mapema."

Alipika akiwa amekaa kitini na mimi nikiwa mikono yake. Nilikatakata mafuta yale madogo madogo na kuyachanganya na unga na chenga za mkate, nikatia zabibu za aina mbili, sukari guru, mayai, mdalasini, kungumanga, karafuu za kusaga, maganda ya chungwa, na ile chai nyeusi yenye limau kavu. Kila mara aliinama akanusa, akasema bado. Ilipofika kukoroga aliwaita wote. Nassor aliacha kazi zake akaja, Bibi Thuwaiba akaja, bakuli likawekwa mezani upande wa kibla, na tukakoroga mmoja mmoja huku wote tumefumba macho, kama desturi. Mimi niliomba chuo. Sijui wenzangu waliomba nini. Bi Maryam alikoroga wa mwisho, na alikawia.

Kisha tukaimimina kwenye bakuli lake la udongo mweupe lililomeguka mdomo, yeye akaisawazisha kwa kijiko, tukafunika kwa karatasi ya kuokea, juu yake kitambaa cha merikani, na hapo akafunga kamba mwenyewe kwa vidole vyake vilivyokuwa vikitetemeka. Alikuwa na fundo lake, lenye mzingo wa kamba juu kama kishikio cha kikapu, wa kuinulia bakuli kutoka kwenye maji ya moto. Nilijaribu kuliiga nikashindwa. "Tazama fundo lilipo," aliniambia. "Limekaa juu ya pengo la bakuli. Siku ya kula, ukishaipindua kwenye sinia, kipande cha kwanza kata upande huu huu, umpe Nassor. Usimpe mwengine." Nikasema sawa. Bakuli liliingia kwenye sufuria kubwa, juu ya kisahani kilichofudikizwa. Maji yakichemka, kisahani kile hugonga chini ya sufuria, taratibu, tik, tik, tik. Yakipungua, mlio hugeuka ukawa mkavu na wa haraka, na hapo mpishi hujua ni wakati wa kuongeza maji. Mchana kutwa nyumba ilikuwa na mvuke na mlio ule. Bi Maryam alisikiliza kutoka kitandani na kila ulipobadilika aliniita, "Zuwena, maji," kabla mimi sijasikia chochote.

Friji ilikuwa imejaa dawa zake na nguru ambao jamaa yetu mmoja alikuwa akituletea kutoka pwani ya Yiti, kwa hiyo pudini ikahifadhiwa stooni, na ufunguo ukafungwa kwenye pembe ya kanga ya Bibi Thuwaiba. Haukupita muda, Bi Maryam akafariki, alasiri moja ya kawaida kabisa, watu wakitoka kazini. Nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Pete yake ya ndoa, ya fedha, haikuwapo kidoleni. Alikuwa amekonda mno, tukasema imemponyoka, imezolewa na takataka. Nassor aliitafuta mpaka ndani ya mifereji ya msalani, akiwa amepiga magoti na mikono ya kanzu imekunjwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Kabla hajafa alinipa kazi moja: kila Alhamisi nifungue kitambaa, niinyunyizie pudini chai na asali ya tende, nifunge tena. Nilifanya hivyo. Alhamisi ya kwanza nilifunga kwa fundo langu la kawaida, lile la kufungia viatu. Alhamisi iliyofuata Bibi Thuwaiba alinifungulia stoo, nikaingia, na bakuli lilikuwa limefungwa kwa fundo la kishikio. Nilisimama nalo mkononi. Nikamuuliza Bibi kama ameligusa. "Mimi? Hata kulitazama siwezi," alisema, na nilimuamini kwa sababu alikuwa analia. Nikajiambia nimesahau, huenda sikulifungua lile la mwanzo. Nikalifungua, nikanyunyizia, nikafunga kwa fundo langu, nikalivuta kwa nguvu. Alhamisi ya tatu lilikuwa na kishikio tena, limekaa juu ya lile pengo. Na pudini ilikuwa nzima. Kwa joto la stoo ile, na chai badala ya pombe, ingepaswa kuwa na ukungu wa kijani tangu zamani, lakini kila nilipofunua ilikuwa nyeusi na inang'aa, na harufu yake ikitoka ilijaza ujia wote. Bi Rahma alisema chakula kisichooza si cha kula. Bibi Thuwaiba alimwambia anyamaze.

Ndani ya majuma hayo posa yangu ilikuwa ikipikwa pia. Baba alikuja mara mbili. Nililetewa kitambaa cha hariri nikaambiwa nikitazame tu. Nassor hakuambiwa kitu mpaka karibu na siku ya Maryam, na alipoambiwa alijibu kwamba mama afanye aonavyo, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nilikuwa nikimsubiri yeye akatae, na hapo tumaini langu la mwisho likaisha. Nilikaa jikoni nikalia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Niliwachukia wote, hata marehemu, kwa kuniachia nyumba yake na bakuli lake.

Siku yenyewe ilipofika niliichemsha pudini tangu asubuhi, maana pudini iliyohifadhiwa haitaki haraka, moto wake sharti urudi mpaka katikati. Kisahani kiligonga, maji yakapungua, nikaongeza. Baada ya sala ya alasiri nilizima jiko, nikaitoa, nikaipindua kwenye sinia ikatoka yote kwa pamoja, ya mviringo, inafuka moshi. Sahani ndogo zilikuwa pungufu, kwa hiyo nilikikausha kile kisahani cha sufuriani, nikatilia siagi iliyopigwa na sukari, nikakiweka mezani. Tulikuwa wanne: Nassor, Bibi Thuwaiba, Bi Rahma na mimi. Nilikata kipande cha kwanza upande wa fundo nikampa Nassor. Alitafuna kidogo akasita. Akatia vidole mdomoni, akatoa pete.

Nassor aliipangusa kwa kanzu, akaitazama ndani na nje. Wa kwanza kusema alikuwa mama yake. "Mwenyewe alikuwa akitwambia, mwenye kuikuta pete ataoa kabla mwaka haujesha," alisema polepole. "Basi kamruhusu, Mungu amrehemu. Kampa rukhsa kwa mkono wake."

"Alorejeshewa pete keshaachwa huru," alisema Bi Rahma.

Nassor aliivaa kwenye kidole cha mwisho. Ikaenea. "Pete hii nilimvisha mimi," alisema, "na yeye kanivisha mimi. Mimi nnaona bado nna mke."

"Nassor, mwanangu, mke keshazikwa."

Hapo tukausikia mlio. Jikoni kisahani kilianza kugonga, taratibu, tik, tik, tik, kama kinavyogonga maji yanapochemka vizuri. Bibi Thuwaiba alinigeukia. "Zuwena, jiko umezima?"

"Nimezima, Bibi."

"Na sufuriani mna nini?"

Nilinyoosha kidole kwenye kisahani, kilichokuwa mbele yake na siagi juu yake. Aliitazama siagi ile. Mlio ulibadilika, ukawa mkavu na wa haraka, maji yakitaka kuisha, na sote wanne tulijua maana ya mlio huo. Bibi Thuwaiba aliisogeza sahani yake mbali. "Basi, Maryam," alisema, si kwetu. "Basi. Mtoto ataenda chuo." Mlio ukakatika. Nilipokwenda jikoni sufuria ilikuwa baridi, na pale nilipokuwa nimeacha maji ya nusu yake palikuwa pakavu kabisa. Mwezi wa Januari nikaenda chuoni, na habari ya posa haikuzungumzwa tena na mtu yeyote mpaka wakafa.

Hayo yote yalinirudia nikiwa nimekaa mbele ya friji ya Kaka Nassor. Harriet aliifungua akaniletea bakuli, lile lile lenye pengo. "Kila Krismasi baba Nassor alikuwa anapika hii," alisema, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutamkwa katika jiko lile. "Tunapika pamoja, siku mbili kabla ya kula. Anaitoa pete kwa sabuni, anaiweka ndani, ananiambia nifumbe macho niombe. Mimi sikuwa nafumba vizuri. Nilimwona kwa macho yangu. Halafu siku ya kula anaipata kwa kipande chake, anaivaa tena, khalas, imekwisha. Mwaka huu ameiweka, amekufa kabla." Akanyamaza, akagusa kamba. "Lakini mama, hivi sivyo nilivyofunga mimi. Mimi nilifunga tu kawaida." Fundo lilikuwa na kishikio.

Aliuliza kama tuitie kwenye maikrowevu tumalize upesi. Nikamwambia hapana, na nikatafuta sufuria kubwa na kisahani. Tuliichemsha saa nyingi, milango ya ukumbini imefungwa, yeye akinisimulia watoto wake waliobaki Jinja, mimi nikisikiliza maji. Nilipoipindua kwenye sinia nilimwambia asimame karibu atazame, ili asiwe na mashaka nami wala mimi naye. Ilikuwa nzima, haina ufa wala tundu. Nikaweka kisu upande wa fundo nikakata. Ndani, katikati ya kipande, palikuwa na alama ya mviringo, nyembamba, iliyochongeka vizuri kwenye unga ulioiva, ya kiasi cha kuingia kidole cha mwisho cha mwanamume. Pete haikuwamo. Tulivunja kipande, kisha pudini yote, zabibu moja moja, kwa uma na kwa vidole. Harriet akaweka uma chini. "Mama, naapa kwa Mungu."

"Najua," nikamwambia. "Alama yake hii hapa."

Miaka yote ile nilikuwa nikijiuliza Bi Maryam alikuwa akimruhusu mumewe au akimzuia, na nikiwa na siku mbaya nilijiuliza kama pete ile haikuwa na habari na mimi hata kidogo. Sasa nilikuwa nikilitazama tundu lile tupu na nikalia, hatimaye, kwa ajili yake, maana alipokufa hofu yangu mwenyewe ilikuwa nyingi mno hata sikuweza kumlilia. Kisha nikanawa uso, nikazipanga chenga kwenye sahani, nikazipeleka ukumbini mikono yangu yote ikinukia karafuu. Binti wa Bi Rahma, mtu mzima sasa, akaniuliza kama pete imeonekana.

"Imeonekana," nikamwambia. "Kaja kuichukua mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Wazee wawili watatu waliomjua Bi Maryam waliinamisha macho. Wengine walitazama sahani. Hakuna aliyetazama tena jikoni. Nikamwita Harriet aje akae nasi, nikamtilia fungu lake, tukaila ingali ya moto.